Korongo wa kwa Fundi Fremu

Jina lake lilipotajwa redioni, mke wa fundi fremu aliacha kitunguu nusu na kisu juu yake. Si jina la kuzaliwa, hilo wasikilizaji hawakulijua. Ni lile la kishairi: Korongo.

"Wiki iliyopita Korongo wa kwa fundi fremu alitutungia shairi la picha iliyo ukutani kwake," alisema mtangazaji. "Tujikumbushe."

*Korongo kwenye matete, asimama peke yake,*
*Mabawa anayo yote, ila hana mbingu yake.*

Mumewe alikuwa kwenye kochi, mdomo wazi, anakoroma. Huyo na ushairi, wapi na wapi. Picha yenyewe aliileta yeye, baada ya mteja kuisusa dukani: korongo ndani ya kinamasi, matete yamemzunguka, mguu mmoja mchoraji hakuumaliza. "Angalau uwe na kitu cha kutazama," alimwambia mkewe, akaitundika, kisha akaenda zake na kufunga milango kwa nje.

Alifunga kila asubuhi, mbele na nyuma. Mji umeharibika, alisema. Simu ilikuwa moja, nayo ilishinda mfukoni mwake. Dada wa yule mke alikuwa amezaa, mtoto sasa anatembea, na mama yake mdogo hajui hata sura yake. Mwanzoni mke alilia. Machozi yalipokauka ikabaki hofu, kwamba atazeeka humo ndani akitazama ndege wa rangi.

Mashairi aliruhusiwa. Afadhali vina kuliko umbea, mume alisema, na kwa kuwa kituo cha redio kilikuwa jirani na duka lake, aliyapeleka mwenyewe. Lakini kwanza aliyasoma, neno kwa neno. Kwa hiyo mke hakuandika kufuli wala mume. Aliandika matete, maji na ndege, akimwomba Mungu atokee mtu mmoja tu wa kulifumbua fumbo.

Washairi wa kipindi kile cha redio walikuwa na desturi ya kujibizana. "Leo Korongo amejibiwa," mtangazaji akaendelea, "na mgeni anayejiita Mkata Matete."

*Korongo wangu ngojea, mkata matete naja,*
*Siku ukinitajia, utanikuta nangoja.*

Mke alishika ukingo wa meza. Beti zilizofuata zilimsifu korongo kwa kusimama imara juu ya mguu ambao haujakamilika. Kumbe yupo mtu anayenisoma hadi moyoni, aliwaza.

"Nani hao wanapiga kelele?" mumewe aliuliza, jicho moja wazi.

"Washairi."

"Ndege tena?"

"Ndege."

"Mtawamaliza ndege wote nyinyi." Akageukia upande wa pili.

Kila Alhamisi fundi alisafiri kwenda kununua vioo, akarudi jioni. Basi mke akatunga: korongo atangoja Alhamisi, jua likiwa utosini, nyuma ya kinamasi, ambako matete ni machache. Mumewe aliisoma karatasi akiwa amesimama, midomo ikichezacheza.

"Mbona Alhamisi?"

"Mizani, mume wangu. Jumanne ingepungua."

"Hayo ya mizani mimi siyajui." Akaikunja, akaitia mfukoni.

Jumapili shairi lilisomwa, na jibu la Mkata Matete likaja juma hilohilo, ubeti mmoja tu: panga limenolewa, Korongo ajiandae.

Alhamisi ilipofika, fundi alipiga funda la mwisho la chai, akafunga milango, gari likaondoka. Mke alitia nguo chache kwenye mfuko, akavaa viatu ambavyo ngozi yake ilikuwa imekakamaa kwa kukaa bure, akaketi kuuelekea mlango wa nyuma. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Pia alijikuta anatabasamu peke yake, akifikiria mtoto wa dada atamwitaje.

Jua lilipofika utosini, akasikia hatua za mtu uani. Kufuli likaguswa. Likaachia bila kishindo.

Akasimama, mfuko mkononi. Mlango ukafunguka.

"Ubeti wangu wa mwisho sikuupeleka redioni," alisema mumewe, akikunjua karatasi. "Kaa nikusomee."