Jiko Kando ya Ziwa

Maisara alirudi na ndoo kutoka bombani, akasita. Jiko la mkaa walilotoka nalo Birmingham halikuwapo tena kando ya ziwa. Palibaki duara la majani yaliyoungua, likinyeshewa na mvua.

Hema lilikuwa limefungwa zipu hadi juu.

"Wajukuu watanifia na baridi hawa," mama mkwe wake alikuwa amelalama asubuhi, akiwakumbatia mapacha. Alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Unguja.

"Mama!" Maisara aliita, ndoo ikimponyoka. "Mama, fungua! Mkaa unaua ndani ya hema!"

Zipu ilikwama, akaivuta mpaka ukucha ukang'oka. Harufu ya udi ikampiga usoni pamoja na joto.

Wote watatu walikuwa wamelala kando ya jiko, wamefunikwa vizuri, na hakuna aliyeamka alipowatikisa.