Risasi Kumi za Nasoro

Nasoro alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya karakana, shavu juu ya kitako cha bunduki, akiomba achorewe mstari wa penseli pale mfupa wa shavu unapogusa mbao. Aliyeshika penseli ni Mama Alima, mama yake Rabia, msichana aliyetaka kumwoa, na alichora kwa uso wa mtu anayelazimishwa kusaini.

"Fundi muzima analala chini sawa mujusi," alisema. "Na kiti yangu?"

"Iko tayari, Mama. Kesho nitakuja na randa kwa ule mulango wa chumba."

Mama Alima hakusema asante. Miaka miwili Nasoro alikuwa akimtengenezea viti, vitanda na madirisha, na asante yake haikuwahi kusikika. Aliokota ganda tupu la risasi miguuni pake, akachungulia mdomo wake. "Sasa hii takataka njo ya kuolea mutoto yangu?" Akalitupa ndani ya kikapu chake, juu ya kofia za vitobo alizokuwa akitoboa na kushona, akabeba kiti, akaondoka.

Hakukosea sana. Nasoro na Rabia walikuwa wamekubaliana zamani, na mshenga alikwisha kwenda. Lakini baba, Mzee Yuma, alikuwa askari zamani, sasa ni mwenyekiti wa klabu ya kulenga shabaha, na sharti lake hakuna sheikh aliyewahi kulisikia.

"Mutoto yangu hataolewa na mwanaume mwenye kukosa," alitangaza mbele za watu. "Risasi kumi, metre makumi tano, zote kumi mu rangi nyeusi ya katikati ya karatasi. Ukikosa moja tu, wee sitwayen, unapita njia yako."

Haya basi! Nasoro hakuwahi kulenga hata njiwa. Lakini mikono alikuwa nayo. Alinunua karabini kuukuu ya vingt-deux, ile ya risasi nyembamba kama penseli, iliyokuwa ikimfukuzia mtu nyani shambani, akaamua kwamba kama macho hayajui, bunduki itajua.

Kitako cha zamani alikitupa, akachonga kingine cha mbao nyekundu ya mukula, kilichofuata shavu lake na bega lake mwenyewe. Mbele ya mtutu akavalisha pete nzito ya shaba ili usitikisike. Shaba ameitoa wapi, usiniulize, huu ni mji wa shaba. Kifyatulio alikisugua kwa tupa siku nne hadi kikawa chepesi, unyoya wa kuku ungekivuta. Nyuma akafunga kibati chenye kitundu cha kuchungulia. Akajaribu kwenye makopo ya nyanya. La kwanza likaanguka, la pili likaanguka. Nasoro alicheka peke yake mpaka majirani wakaulizana.

Jumamosi alibakiwa na risasi kumi kamili. Akaipangusa bunduki yote, akafungua kile kibati akaking'arisha vizuri, akakirudisha kwa kukisia, akakaza skurubu. Kujaribu tena? Kwa risasi gani?

Jumapili klabu nzima ilijaa upande wa Kasungami, palipo na kichuguu kirefu cha kuzuia risasi. Mbele ya kichuguu palichimbwa shimo la mtu wa kushusha ubao wenye karatasi ya shabaha kila risasi, kuangalia, na kupunga kitambaa: cheupe umepata, chekundu umekosa. Nasoro alitegemea kumwona shimoni rafiki yake Kunda.

"Apana!" alisema Mzee Yuma. "Bale bote beko barafiki yako. Bibi yangu njo ataingia mu shimo. Ule hakupende hata kidogo."

Mama Alima alishuka shimoni na kikapu chake cha kushona, bila kumtazama mtu. Rabia, nyuma ya watu, alifunika uso kwa kitenge.

Akalala chini. Shavu likaingia mahali pake. Akavuta pumzi, bismillahi, akafyatua.

Pah! Na mara, kutoka kwenye pipa bovu lililotupwa kando ya kichuguu: kwang!

"Nini ile?" aliuliza Mzee Yuma.

"Mwangwi," alisema Nasoro, ambaye hakujua. "Ni ile shaba ya mbele, Mzee."

Ubao ukashuka, ukakaa huko kitambo, ukapanda. Kitambaa cheupe.

Pah! Kwang! Cheupe. Pah! Kwang! Cheupe. Kufika ya saba watu walikuwa wakihesabu kwa sauti. Ubao ukashuka mara ya kumi, ukapanda. Cheupe!

Mama Alima aliileta karatasi mwenyewe. Matundu kumi, safi, mviringo kabisa, yamekaa katikati ya weusi kama ua. Mzee Yuma aliigeuza mara tatu, machozi yakamlengalenga. "Hata mu jeshi sikuona vile," alisema. "Mama, umehakikisha?"

"Nimehesabu moja moja," alisema Mama Alima, kwa uso ule ule wa kununa.

Wiki ile ile ndoa ikafungwa. Nasoro aliitia ile karatasi kwenye fremu ya mukula, akaitundika sebuleni, na kila mgeni alielezwa habari za kitako, kifyatulio na pete ya shaba, hata asiyeuliza.

Siku ya tatu ya ndoa mama mkwe alikuja na zawadi: kofia mpya ya vitobo, imekunjwa.

"Kesho ulete randa," alisema. "Mulango ya jikoni inakwama."

Akaondoka. Nasoro alipokunjua kofia, ganda moja la risasi lilidondoka. Akaliinamisha juu ya kiganja, akaligonga kwa kidole, na vikamwagika viduara kumi vya karatasi nyeusi, kila kimoja saizi ya mdomo wa lile ganda.