Hereni ya Jodari

Sokoni walimwita Mama Hereni. Miaka mitano Mwanahawa alifuatana na wavuvi, akinunua jodari wachanga wakiwa hai, akiwapachika mgongoni kipande chekundu cha plastiki chenye namba, kisha akiwarudisha majini, ajue huenda wapi msimu ukiisha.

"Anamwaga kitoweo!" alifoka Bi Zuhura, mkaanga samaki, kila alipomwona.

Leo mvuvi mgeni amesimama kati ya meza za samaki, amekunjua kiganja. Ndani mna kipande chekundu kilichopauka.

"Nimemvua kwetu, mwendo wa siku nne kwa boti," akasema. "Kwetu hufika mwezi wa saba."

"Hapa hutoweka wa tano," Mwanahawa akajibu, kidevu juu. Hakufungua daftari, namba ile aliijua. "Huyu ndiye wangu wa kwanza. Nilimwachia akiwa hivi." Akapima toka kiwiko hadi ncha za vidole.

Mgeni akacheka, akatanua mikono yote miwili. "Mimi mikono hainitoshi!"

Bi Zuhura akaweka kisu chini, akaja akagusanisha vidole na vya mgeni, akanyoosha mkono wake kuongeza urefu.

"Hapa?"

"Bado, mama. Sogea."

Bi Zuhura akasogea, soko zima likimpisha.