Bangili ya Kundaeli

Siku hizo muuaji hakufungwa jela. Alipelekwa kuishi kwa mfiwa, mkononi amevishwa bangili ya chuma iliyosoma moyo wa mwenye nyumba. Akisamehewa kwa dhati, ingefunguka yenyewe aende zake.

Kwa Mama Namsifu aliletwa Kundaeli, aliyemuua mwana wa mama huyo kwa jembe wakigombea maji ya mfereji. Mama alimpikia, alimfulia, akakaa naye benchi moja kanisani. Kila jioni alipiga magoti.

"Bwana, umetuambia tuwapende adui zetu. Mbona bangili haifunguki? Niondolee unafiki huu."

Jioni moja Kundaeli akiosha vyombo, mama aliona uzi mweusi umeishikilia ile bangili.

"Ilifunguka lini?"

"Pasaka, mama." Hakuinua macho. "Nikaifunga mwenyewe. Sikutaka kuondoka."

Na sasa Krismasi ilikuwa inabisha hodi. Miezi yote hiyo mama alikuwa akijihukumu bure. Akaenda kwenye kikapu chake cha kushonea.

"Lete mkono," alisema. "Uzi wenyewe umechakaa, na mkaguzi wa bangili anakuja kesho."