Kisima cha Zeyana

Siku hizi sadaka ya mtaa mzima ni visima. Bi Shumbana, aliyezoea kupeleka sanda msikitini, alipanga foleni na ndoo yake kwenye kisima alichochimbisha jirani yake. Ukutani paliandikwa kwa rangi ya buluu: ZEYANA.

“Mungu amlipe Zeyana,” alisema kila aliyechota.

“Nawe shoga, chako lini?” mmoja wao alimuuliza Bi Shumbana.

“Mimi nawavisha watu nguo ya mwisho.”

“Haya, nani kati yao amerudi kukushukuru?” Wakacheka.

Zamu yake ilipofika, alichota, akalisugua lile jina kwa kidole gumba. Kumbe rangi ilikuwa mbichi.

Nyumbani akakunjua kitambaa cheupe, akaanza kukata sanda. Alipoinua mkono, alama ya buluu ya kidole chake ilibaki kwenye sanda, mahali pa uso wa maiti.