Mpaka Maji Yalingane

Nililisukuma lango la mfereji wa boti, lile linalozuia maji ya juu yasishuke, kwa mgongo mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Halikusogea.

"Babu, utavunjika!" aliita mwenye boti, mwanamke aliyekuwa peke yake ukingoni na kikombe cha chai. "Ngoja maji ya pande zote yalingane."

Nilijua. Miaka thelathini nazunguka njia hizi kwa baiskeli, na nikikuta boti yenye mtu mmoja hushuka na kumsaidia kufungua lango. Leo nilikuwa najionyesha tu.

"Babu nani? Na hizo mvi zako ni unga?"

Akacheka, akaja kuegemea boriti ya lango kando yangu. Ilikuwa na joto la jua, rangi yake imebanduka. Tukangoja bila haraka. Maji yakatulia, na lango likasogea taratibu, wala hatujasukuma kwa nguvu.

"Naitwa Beryl. Mbele kuna malango kumi na sita," alisema, "na juu ya boti pana nafasi ya baiskeli."

Nikatoa simu. Tangu mamake afariki, binti yangu huniwekea sahani mezani kwake kila Jumapili.

Nikamwandikia: "Kesho kuleni tu bila mimi, mwanangu."