Habari ya Kupeleka kwa Charlotte

Hortense alipiga magoti mbele ya kiti cha plastiki, akakiambia kwamba mume wake amekufa.

"Kiti hakiyalia, mama!" Bijou alipaza sauti toka benchi la nyuma. "Pengine bwana yake alikuwa anakipiga, njo maana kinafurahi."

Wamama wakacheka mpaka ukumbi wa parokia ukajaa. Hata Aimée, mwalimu aliyetumwa kuwafunza viongozi wa mtaa namna ya kuongea na watu, alificha kicheko kwa kiganja. Kisha akainua mkono.

"Vizuri, mama Hortense. Umeita jina lake, umesema neno lenyewe, hukulizunguka. Kitu kimoja tu: ukiuliza mutu swali, umungoje. Weye unajijibia."

"Nimekaa sana peke yangu, mwalimu. Nani mwingine angenijibu?"

Hakuna aliyeyataka mafunzo yale kuliko yeye. Habari ya kifo cha mume wake aliipata barabarani, beseni ya maharagwe kichwani, toka kwa dereva wa pikipiki aliyeipigia kelele bila hata kuzima injini. Maharagwe yalimwagika. Alichuchumaa akayaokota moja moja, maana hakujua mikono yake ifanye nini kingine. Wamama wa kanisa walipomchagua kuwa kiongozi wao, alimwahidi Mungu jambo moja tu: katika mtaa wake hakuna mwanamke atakayeambiwa namna ile tena.

Kiti kilikuwa kinangoja mtu mwingine ajaribu wakati Tharcisse, chefu wa avenue, mkuu wa mtaa wao, aliposimama mlangoni. Hakusalimu. Alimwita Aimée nje wakanong'ona, na Aimée aliporudi hakuwa tena yule aliyecheka.

"Shimo moja ya dhahabu imeanguka kule Nizi," Tharcisse alisema. "Kuna mutu amekufa. Mama Hortense, inafaa ufike kwa Charlotte."

Hortense akamgeukia.

"Ni Jean-Claude, bwana yake?"

Tharcisse akatazama viatu vyake. Hortense alikuwa tayari anakaza kikwembe kiunoni.

"Kwanza ukunywe chai, mama," Aimée alisema. "Ukule hata kamukate."

"Chai ya nini? Mutoto wa watu iko na mimba ya miezi munane, na bwana yake iko chini ya udongo!"

"Basi uniachie telefone yako," Tharcisse alisema. "Yangu imezima."

Akampa bila kugeuka.

Wakashika njia. Tharcisse alitangulia kwa haraka. Bijou alimbebea Hortense mfuko, na mdomo wake, ule usiojua kupumzika, ulikuwa umefungwa. Hortense alikuwa akiliombea tumbo la Charlotte. Mimba mbili zilikwisha kumtoka yule binti, moja siku ile walipokimbia vita kule Fataki na godoro kichwani. Hii ya tatu, habari ikisemwa vibaya, nayo ingeenda. Kama ingeenda, Hortense alijua lawama ni juu ya nani.

Alimfikiria pia Mbusa, mwanawe, aliyechimba dhahabu na Jean-Claude katika shimo moja, wakila sahani moja. Maskini, ndiye angeleta maiti ya rafiki yake. Mbusa hulia kwa ndani. Itabidi amketishe, amwache aseme kwa wakati wake mwenyewe.

Kwa Charlotte kiwanja kilikuwa kimefagiliwa. Mabenchi ya kanisa yalikuwa yamekwisha fika, moto umewashwa nje, mikeka imetandikwa ndani. Wamama walipomwona anaingia walisimama wote, hata wazee. Wamejipanga vizuri, Hortense akawaza. Hataubeba mzigo huu peke yake.

Charlotte alikuwa juu ya mkeka, macho mekundu. Alitaka kuinuka.

"Keti, binti yangu. Keti hivyohivyo."

"Mama Hortense, ngoja kwanza," Tharcisse alianza.

"Unyamaze, chefu. Hapa mutu mumoja njo anasema."

Akapiga magoti, goti zima na goti bovu. Kiganja kimoja akakiweka juu ya tumbo lile, kingine akakitia mikononi mwa Charlotte. Hortense alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka taratibu, bila kutetemeka, akamshukuru Mungu kwa sauti ile.

"Charlotte. Niko na habari mubaya. Jean-Claude amekufa. Amekufa mu shimo, kule Nizi."

Charlotte akatikisa kichwa. Akatikisa tena, machozi yakimshuka, kinywa kikifunguka bila kutoa neno, akimkaza Hortense mkono mpaka vidole vikauma. Hortense hakumbishia. Hakumwambia anyamaze, hakumwambia ni mapenzi ya Mungu. Alimwacha alie. Chini ya kiganja chake mtoto akaruka mara moja, kwa nguvu, mzima kabisa. Bwana, alisema moyoni, tumevuka.

Ndipo pazia la chumba likasogea. Jean-Claude akatoka, udongo wa shimo umemkaukia mpaka shingoni, akaja akaketi chini mbele ya Hortense.

"Mama," alisema, "nilimubeba Mbusa ku mugongo. Mpaka tunafika Iga Barrière alikuwa angali anaita jina yako."